Mkono Uliompa Mkwe Wako

Mama,

Viza imetoka. Pasipoti ilirudi juzi, nikaifungua nimesimama pale pale kwenye ofisi ya vifurushi Miembeni nilipokwenda kuichukua, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa simu nikupigie. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina lako ndipo nikakumbuka. Laini yako anatumia Projesti sasa. Akinipigia kaka, simu yangu inaandika "Mama", na kila mara moyo unaruka kabla ya akili. Ameniambia nibadilishe jina hilo. Sijabadilisha, na asinisumbue.

Nakuandikia kutoka chumbani kwetu Kashai. Nimekaa juu ya sanduku maana viti tumeshauza.

Nyumbani Kamachumu hawajambo. Kibanja chako cha migomba kinapaliliwa, ingawa wifi anapunguza majani ovyo ovyo na wewe usingenyamaza. Akina mama wa jumuiya wanakuja kusali Alhamisi kama zamani, wanakaa palepale ukumbini, hakuna anayekalia kigoda chako. Senene walikuja wengi mwaka huu. Nilikaanga, nikaweka chumvi kama unavyoweka wewe, nikashindwa kula hata mmoja.

Nimekuwa nikikumbuka ulivyomtesa Nestori. Siku ya kwanza anakuja nyumbani, kijana wa Kirundi aliyekulia kambini Ngara, akachukuliwa Marekani akiwa bado mdogo, akapata uraia huko, kisha akarudi Bukoba kwa kazi ya miradi ya maji. Amevaa shati jeupe, amenyoosha mkono, anatabasamu. Wewe ukaweka ungo chini ukapotelea migombani! Akabaki na mkono wake hewani. Njiani kurudi nikamweleza kwamba kwa wazee wetu mama mkwe hampi mkono mkwe wake, hamtazami usoni, hali naye pamoja. Nikamwambia siku hizi wengi wameacha, ila wewe hujaacha kitu hata kimoja ulichofundishwa na bibi.

"Kwa hiyo ananipenda au ananichukia?" akauliza.

"Anakuheshimu mpaka anakukimbia," nikamjibu.

Baada ya ndoa mkawa mnazungumza kwa kupitia ukuta. "Kemi waitu, mwanangu, mwambie mgeni wako anawe, chakula tayari." Na mgeni mwenyewe yuko upande wa pili, anasikia kila neno, anajibu, "Mwambie Mama nashukuru." Nilikuwa nakaa katikati nacheka peke yangu. Sikujua kama ule ndio utakuwa wakati wangu mzuri kuliko yote.

Kisha Nestori akaniombea viza ya mwenza. Tulikuwa tunaishi hapa hapa, yeye raia wa kule, mimi mke wake, na kazi yake ya Bukoba ilikuwa inaelekea mwisho. Karatasi zikaenda, zikarudi, zikaenda tena, mpaka nikaitwa ubalozini kuhojiwa. Unakumbuka nilivyokuaga nikiwa na bahasha ya picha kwapani, nina hakika kabisa. Yule mama wa nyuma ya kioo akazipanga picha mbele yake kama mtu anayechambua maharage. Akauliza, "Mama yako ni yupi hapa?" Nikamwonyesha. Uko pembeni kabisa, umejifunika kitenge, umegeukia upande. "Na hapa?" Hapo haupo. "Na hapa?" Hapo ni kiwiko chako tu, kinatoka mlango wa jikoni. Akaniangalia. "Mama yako anaikubali ndoa hii?"

Nilieleza na kueleza tena. Nilisema ni heshima. Akaandika, akanipa karatasi inayosema nilete ushahidi zaidi kwamba familia inaitambua ndoa yetu. Heshima yako yote, Mama, kule ilionekana kama dalili ya ndoa ya kubuni.

Nilipokusimulia ulikuwa unamenya ndizi. Na wewe ndiye hukuitaka viza hiyo tangu mwanzo. Mara ngapi uliniuliza, "Kemi, ukienda huko nani atanizika?" Projesti akidakia kwamba yeye yupo, unamwambia, "Sijakuuliza wewe." Siku hiyo hukuniuliza. Ulimenya mpaka ndizi ya mwisho, ukapaka mafuta mikononi kuondoa utomvu, ukaingia ndani.

Jumapili baada ya misa ukasema, "Mwambie aje. Tupigwe hiyo picha."

Nestori alikaa mwisho wa benchi, karibu aanguke, anaogopa kukugusa hata kwa bahati mbaya. Wewe ulikuwa na gauni lako la Pasaka. Projesti akashika simu, akasema, "Mama, inua uso." Ukainua. Halafu ukafanya jambo ambalo hakuna aliyekuomba: ukanyoosha mkono wako wa kulia, ukamshika wa kwake. Ukamtazama usoni, ukasema, "Nestori." Basi, jina tu. Ulikuwa hujawahi kulitamka mbele yake.

Kisha ukaingia migombani, hukurudi mpaka jioni.

Presha ilikuchukua kabla sijapangiwa kurudi ubalozini. Siku yenyewe siiandiki, siwezi. Nitakwambia ya mazishi tu, maana hayo hukuyaona. Nestori alisimama mbali, chini ya migomba, mvua inamnyeshea, maana hakujua kama mkono ule ulikuwa ruhusa ya siku moja au ya siku zote. Baba mdogo ndiye aliyemwita mbele ya watu: "Wewe, njoo utupe udongo. Alikushika mkono, tulisikia." Akaja. Alitupa udongo akilia kwa sauti kama mtoto, akiita Mama, Mama. Mama yake mzazi alipotea njiani wakati wa kukimbia vita, na mpaka leo hajui alizikwa wapi.

Nikarudi ubalozini. Ni yule yule wa nyuma ya kioo. Akaishika ile picha muda mrefu. Akasema una uso mzuri, akauliza unaendeleaje. Nikamwambia, "Amefariki." Mama, neno hilo nilikuwa sijalisema kwa mtu yeyote. Nyumbani kila mtu alikuwa anajua, sikuhitaji kulisema. Nilikuja kulisema pale, kwa mtu nisiyemjua jina, kwenye tundu la kioo. Akanipa pole, akasema viza imekubaliwa, na mimi nikatamani aninyime.

Nilimwambia Nestori siendi. Nitaendaje, udongo wako haujakauka? Hakubishana. Alisema atatafuta kazi nyingine hapa hata ya mshahara mdogo. Viza ina mwisho wake, tungeiacha iishe tu. Tulikuwa tumeshakubaliana hivyo.

Ndipo mdogo wako, Mama mdogo Paskazia, akaja Kashai. Alikaa kitandani, akaniambia kwamba jioni ile ya picha ulikwenda kwake kwa njia ya kibanjani. Ulimwambia, "Ningesema tu mila hairuhusu. Kemi angebaki, na hakuna ambaye angenilaumu. Wiki nzima nililitamani neno hilo." Akakuuliza kwa nini basi hukulisema. Ukamjibu, "Alirudi kutoka huko akanisimulia huku anajikaza asinililie. Sikuzaa mtoto ili ajikaze mbele yangu."

Nilikuwa sijui, Mama. Nilidhani umeshinda aibu tu kwa ajili ya karatasi zangu. Kumbe njia ya kunizuia ulikuwa nayo mkononi, tena ya heshima, wala nisingekukasirikia, ningesema ndivyo mama alivyo, nikabaki nikufulie mashuka na kukubebea maji. Ukaiacha. Ukakaa kwenye benchi ukainua uso.

Tunaondoka keshokutwa asubuhi. Jana tulikuja kukuaga, nadhani ulitusikia. Nestori aling'oa majani kaburini kwa mikono, hakutaka jembe. Udongo ukishatulia litajengewa, na nimemwambia Projesti wasilijengee bila sisi. Nakuahidi tutakuja. Nestori atabeba matofali, na atasimama karibu kama watoto wako wengine.

Kwaheri, Mama yangu. Sijikazi, nalia tu, na sanduku linanisubiri nilifunge. Naenda. Hukutaka niende, na ukaniruhusu.

Mwanao,
Kemilembe