Sitaki Programu ya Mkweo

4 Februari

Mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na mumeo hajambo? Mimi mzima, ila goti langu na pedali ya cherehani vinalia kwa zamu.

Jana mteja mmoja mjamzito alikuja nimpanulie gauni. Nikiwa nampima akanionyesha kwenye simu kitabu anachosoma, cha kulea mtoto mchanga. Kutazama jalada, jina la mkweo. Najua mama mkweo ni mkunga mstaafu, uandishi ulianza lini? Nikaomba nione ukurasa wa shukrani. Anamshukuru “binti yangu, aliyenifundisha programu ya kutengeneza kitabu hiki, akakaa nami kila Jumamosi tangu apate kazi mpya.”

Binti yake nani? Na kazi mpya ipi? Habari za mwanangu nimezisoma kwenye simu ya mteja, pini ziko mdomoni. Nilikaribia kuzimeza.

Sasa na mimi nataka kitabu, cha kukata na kushona. Maelezo yote yako kichwani. Niambie mtu ambaye hajawahi kutengeneza kitabu aanze na programu gani. Ila ya mkweo siitaki.

Mama yako mzazi

9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, pole na goti. Kazi mpya nilitaka kukuambia nikishathibitishwa, na mkwe aliijua kwa sababu tunakaa naye nyumba moja. Usinune.

Programu ziko nyingi, lakini kwako naona namna tatu. Ya kwanza ni ya mafundi wa vitabu. Ina vitufe mpaka macho yanachoka, hiyo iache. Ya pili unapanga kila ukurasa kama picha, na unachokiweka kinabaki pale pale. Inapendeza kwenye kompyuta, lakini kwenye simu maandishi yanakuwa madogo na msomaji anavuta ukurasa huku na huku. Ya tatu unaandika tu, unaweka kichwa cha kila sura, unachagua jalada, unabofya kitufe kimoja, kitabu kinatoka. Maandishi yanajipanga yenyewe kufuata simu ya msomaji, na anayaongeza ukubwa apendavyo. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, na ni ya bure.

Ndiyo aliyotumia mkwe. Samahani.

Mwanao, Kifungo

15 Februari

Kifungo,

Hujambo? Mimi sijambo, na sijanuna.

Nimechagua ya pili. Maisha yangu yote nimekata nguo kwa kipimo, leo nitengeneze kitabu ambacho kila mtu anakivaa atakavyo? Mstari nikiuweka hapa, ukae hapa. Hiyo ya kujipanga yenyewe ni kiuno cha mpira tu, na kiuno cha mpira ni cha fundi mvivu. Mwambie mkweo nimesema hivyo. Au usimwambie.

Mwambie hili badala yake: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkunga kazi yake kupokea.

Mama yako mzazi

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku tuko salama.

Kitabu chako nimekipata. Kwenye kompyuta ya ofisini kinavutia, wenzangu wameuliza umesomea wapi. Lakini nilipokifungua kwenye simu sikuweza kusoma hata vipimo vya mkono wa shati. Herufi zimekuwa kama sisimizi. Mkwe aliomba naye akione. Akakaa dirishani, akavaa miwani, akawa anavuta ukurasa kushoto na kulia mpaka akapotea katikati ya kola. Hakucheka, Mama, nakuapia. Aliniomba namba yako, nami nimempa.

Akipiga, tafadhali usiwe mkali.

Mwanao, Kifungo

2 Julai

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako siku hizi naisikia kwa mkwe. Ndiye aliyeniambia goti limepona. Ndiye aliyeniambia umenunua cherehani ya umeme. Mimi uliniandikia lini mara ya mwisho?

Kila jioni mnaongea. Nikiingia sebuleni anashusha sauti, kisha anacheka na kuendelea. Jumamosi nilimletea kompyuta kama tulivyozoea, akaniambia niende nikapumzike, ana kazi na mama yangu. Leo nimekuta kwenye simu yake kitabu cha kushona, maandishi makubwa, yanajipanga vizuri, sura moja baada ya nyingine. Kitabu chako, Mama. Kimemfikia yeye kabla yangu, na nimekifungua kwa kuomba ruhusa.

Nasema wazi, nina wivu. Niliosha vyombo nikivigonganisha ili asikie, akaniuliza kama kuna kilichovunjika.

Mwanao, kama bado unamkumbuka

8 Julai

Kifungo wangu,

Hujambo? Pole. Si pole kubwa sana, kwa sababu sasa tumelingana.

Mkweo alinipigia nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa tayari. Akaniambia, “Dada, wasomaji wangu wanasoma huku wamebeba mtoto. Hawana mkono wa pili wa kuvuta ukurasa.” Nikatazama mkono wangu, una mkasi. Wasomaji wangu nao ni hivyo hivyo. Hasira iliniisha pale pale, lakini yeye sikumwambia mpaka wiki iliyofuata.

Basi nimehamisha kitabu chote kwenye programu yake. Ni rahisi, nakubali. Anayeweza kuandika barua anaiweza. Na yeye ni mtu mzuri, nalo nakubali, ingawa anaongea sana.

Lakini roho yangu haijatulia yote. Kila jambo lako nalijua baada yake. Ulipougua homa, ulipopata kazi, hata ulipokata nywele. Akinisimulia naitikia kama ninayejua, na moyo unauma.

Sura ya mwisho hajaiona, maana sijaiandika. Ni ya gauni lako. Vipimo nilivyo navyo ni vya msichana aliyeondoka hapa na sanduku moja. Chukua futi, jipime mabega, kifua, kiuno na urefu, unitumie. Asikupime yeye. Nataka safari hii niwe wa kwanza.

Mama yako mzazi

10 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila chai ya asubuhi hainikai tumboni.

Nimejipima mwenyewe, mlango nimeufunga. Mabega ni yale yale na urefu haujabadilika. Kifua ongeza kidogo.

Kiuno usikiandike. Kitakuwa kinabadilika mpaka Februari. Najua unavyouchukia mpira, lakini kwa gauni hili tia mpira tu.

Mume wangu nitamwambia akirudi jioni. Mkwe, pamoja na ukunga wake wote, bado hajui. Kwa hiyo akikupigia leo, nakuomba uzungumze naye habari za kola.

Mwanao, Kifungo