Uzi wa Eda

Ijumaa, 10 Mfunguo Tano, 1329

Siku ya ishirini na moja ya eda. Zimebaki mia na nane.

Nimepata karatasi. Zilikuwa kwenye kasha la marehemu mume wangu, safi, hazijaguswa na wino. Tahir alikuwa akinunua karatasi kama wenziwe wanavyonunua tambuu, kisha haandiki kitu. Herufi nilijifunza mwenyewe, nyuma ya ukuta wa chuo cha Kurani, nikishona kofia na kusikiliza watoto wakichapwa. Makosa yao ndiyo yaliyonisomesha.

Bi Saleha — mamake Tahir, mkwe wangu, mwenye nyumba hii — kaniuliza naandika nini. Nikasema dua. Akasema dua ndefu hiyo, unadhani Mungu hana kazi nyingine?

Sheria nazijua. Sitoki. Manukato hapana, wanja hapana, dhahabu ilale kashani. Miezi minne na siku kumi, hapa hapa kisiwani Chole, kuta nne na ua. Mize wa jirani, muuza vitumbua, hupita kila asubuhi kunipa pole na kutazama kama nimekonda. Sijakonda. Naona imemsikitisha.

Hesabu ya eda anayo Bi Saleha. Macho yake yana ukungu, basi huhesabu kwa vidole: uzi mweusi wa sufu umefungwa kwenye mguu wa kitanda chake, na kila akimaliza sala ya alfajiri anapiga fundo moja.


Jumapili, 12 Mfunguo Tano

Aibu ya leo lazima niiandike, maana Mize ataisimulia vibaya.

Ghalani kuna magunia mawili ya sufu ya kondoo. Tahir aliyanunua Unguja kwenye jahazi la Maskati, akidhani atawauzia watu wajazie magodoro. Chole! Ambako miti ya msufi inamwaga pamba ya godoro bure kila kiangazi! Hakuuza hata konzi. Leo Bi Saleha kasema sufu haiwezi kuoza huku mimi nimekaa tu kama mgeni. Ioshe, nikufundishe kusokota.

Nikaiosha. Kama ninavyofua nguo za merikani: maji ya moto, sabuni, kisha nikaipiga juu ya jiwe kwa nguvu zangu zote, maana ilinuka beberu. Ilipokauka ilikuwa kitu kimoja. Mkeka! Huwezi kuivuta, huwezi kuichana, unaweza kuezekea.

Bi Saleha akaipapasa. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Wala kabla ya msiba, nikikumbuka vizuri.

Kumbe sufu huloweshwa maji baridi na kuachwa, haichokozwi.


Jumatano, 15 Mfunguo Tano

Somo la kwanza. Kijiti, urefu wa shibiri moja na nusu. Chini yake kigae cha mtungi, kimechongwa duara na kutobolewa katikati. Unakizungusha, kinaning'inia hewani, huku vidole vinavuta sufu kidogo kidogo nayo inajisokota.

Maneno mepesi! Kimeanguka mara arubaini. Mara nane juu ya kidole changu cha mguu, kile kile. Uzi niliopata una unene wa kamba ya mbuzi mahali pengine, na pengine ni pumzi tu. Bi Saleha aliupitisha vidoleni, akaniuliza uzi umemeza nini, mbona una vinundu.

Nikamwuliza, mama, uzi huu wa nini hasa? Akasema wa kusokota.


Jumamosi, 25 Mfunguo Tano

Kaka yangu Kombo kaja kutoka kwetu Ndagoni. Shikamoo kaka, marahaba, na mkungu wa ndizi. Akakaa barazani, Bi Saleha akiwa ndani ya pazia, nami mlangoni na kijiti changu.

"Nimeshakusemea," akasema Kombo.

"Umenisemea nini?"

"Shaibu wa kwetu. Mtu mzima, ana ng'ombe tisa, mke mmoja, mpole."

"Mpole nani, Shaibu au mke?"

"Wote. Na ng'ombe pia."

Pazia likasema: "Mwanamke yuko edani anatajiwa mume! Kombo, wewe ulisoma chuo gani?"

"Sijaposa, mama. Nimetaja ng'ombe tu."

Baadaye akanivuta pembeni, sauti chini. Siku zikitimia atakuja na mtumbwi kunichukua. Huna mume, akasema, hukujaliwa mtoto, hapa utakuwa nani? Utakuwa wa kuchota maji ya mwanamke mwingine mpaka uzeeke.

Hasemi uongo. Ndiyo tabu ya Kombo, hasemi uongo na hasemi polepole. Pazia lilikuwa limetulia mno kwa pazia.


Alhamisi, 8 Mfunguo Sita

Mvua. Sufu inanuka zizi nyumba nzima. Mize kaleta vitumbua, akaziba pua, akala viwili yeye mwenyewe.

Uzi: pima tatu bila kukatika.


Jumatatu, 12 Mfunguo Sita

Maulidi. Nimeyasikia kutoka uani, msikiti hauko mbali. Bi Saleha hakwenda. Miguu, akasema. Miguu hiyo hiyo asubuhi ilimfukuza kuku mpaka kwa jirani.

Mize kapita baadaye kafukizwa udi kutoka kichwani mpaka unyayo. Nikakaa karibu naye. Manukato nimekatazwa kujitia. Yaliyokuja kwa miguu yao sina kosa nayo.

Tulisokota, Bi Saleha na mimi, mpaka wali ukaungua. Mkono wake haufuati macho hata kidogo. Anageuza uso mlangoni, anasema habari za nyanya yake aliyetoka Omani na kijiti kama hiki kiunoni, na uzi unashuka sawa, mwembamba. Mimi natumbua macho na uzi unashuka na vinundu.


Alhamisi, 6 Mfunguo Saba

Nilikuwa nafagia chumba cha Bi Saleha. Nikauona uzi wa mafundo, na mimi nikiona kitu cha kuhesabika siwezi kukiacha.

Sabini na moja.

Karatasi zangu zinasema leo ni siku ya sabini na sita. Nikahesabu tena kwa ncha ya ufagio. Sabini na moja. Mtu mzima, amesahau. Au alikuwa na homa siku zile za mvua. Nitamwambia kesho, kwa adabu.


Ijumaa, 7 Mfunguo Saba

Sikumwambia.

Baada ya sala nilipita mlangoni kwake na sufuria ya uji. Alikuwa ameketi juu ya msala, uzi mapajani. Akapiga fundo la leo, vizuri, akalivuta. Kisha vidole vikarudi nyuma, vikapapasa, vikachagua. Akainama. Akafungua mawili kwa meno!

Vidole hivi hivi vinavyonikemea kwa kinundu kimoja.

Nikarudi kinyumenyume mpaka jikoni, nikakohoa, nikaja upya kwa kelele. "Umechelewa na uji," akasema.


Jumapili, 23 Mfunguo Saba

Nafikiri sana na nasokota sana. Kimoja kinasaidia kingine, sijui kipi.

Anataka nini? Kama ni mtu wa kuchota maji, wapo. Kama ni msokotaji, mimi si wa kuibiwa. Miaka sita nimekaa nyumba hii na sikumbuki sifa hata moja. Chumvi nyingi, chumvi kidogo, mlango nimeubamiza, mlango nimeuacha wazi. Tahir alikuwa akisema mvumilie. Tahir mwenyewe alikuwa akivumilia kutoka Unguja.

Leo tumekaa uani, mvua imetuachia saa moja. Akasema, bila kugeuka:

"Ndagoni kuna upepo?"

"Upo, mama."

"Mwingi?"

"Wa kutosha."

"Sufu haitaki upepo."

Basi. Akaniomba nimpe kikapu kilichokuwa mbele ya magoti yake.


Jumatano, 18 Mfunguo Nane

"Huu," kasema Bi Saleha, "unaweza kuitwa uzi."

Nimeandika neno kwa neno, ili nikibishiwa siku moja niwe na ushahidi.

Siku ya mia na kumi na saba leo. Kwenye mguu wa kitanda, mia na tisa. Nikinyamaza, ni uongo? Sikusema lolote, sikuapa. Lakini eda si ya Bi Saleha wala si yangu, ina mwenyewe juu. Hata nikipiga chafya naogopa.

Na Kombo naye huko anahesabu. Wawili wanahesabu siku zangu, mmoja anazivuta mbele, mmoja anazivuta nyuma. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nazitakia nini.


Jumanne, 1 Mfunguo Tisa

Niandike upesi, kabla sijaitwa.

Kombo kafika asubuhi maji yakiwa yamejaa. Kavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne. Hakukaa. "Haya, leo," akasema. "Funga mzigo, mtumbwi uko chini."

Bi Saleha akatoka nje ya pazia mwenyewe, uzi mkononi. "Leo ya nini? Bado siku kumi na moja."

"Mama, zimekwisha."

"Hesabu mwenyewe. Mafundo haya hapa. Uzi hauna ndugu Ndagoni, hausemi uongo."

"Na mimi nimehesabu," akasema Kombo. "Kila siku kunde moja kwenye kibuyu, tangu siku ya mazishi."

"Zimefika ngapi?"

Kombo akatazama kanzu yake.

"Nakuuliza, zimefika ngapi?"

"Mke wangu alizipika. Ile siku ya mvua kubwa."

Niliuma mdomo mpaka ukauma kweli. Mize alikuwa nyuma ya ukuta na sinia la vitumbua — hakuweza kujizuia, nilimsikia akicheka.

Ndipo Kombo akanigeukia. "Mwanasiti, wewe unaandika andika. Sema wewe. Imekwisha au haijesha?"

Wakanielekea wote wawili. Miezi minne na siku kumi, na hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa. Nalo la hesabu!

Kidole gumba cha Bi Saleha kilikuwa kinakwenda juu ya mafundo, moja, moja, moja. Alijua kuwa najua. Nadhani alijua tangu ile siku ya uji, maana mimi sikohoi hivyo.

Nikasema: "Imekwisha jana, magharibi."

Uzi ukamtoka mkononi. Akaketi kizingitini polepole, akatafuta ukuta kwa bega. Kombo akapiga makofi, "Nilisema! Nilisema mimi! Haya mzigo, maji yanakupwa."

"Maji ni yako, kaka. Mimi nakaa."

"Unakaa wapi?"

"Hapa."

"Na nani?"

"Na mama."

"Kama nani? Mkwe wake? Mume hayupo. Mtumishi?"

Hilo lilinichoma, maana ndilo alilolisema mwanzo na sijapata jibu lake mpaka leo. Nikasema sijui kama nani. Nikasema nitajua nikikaa.

"Shaibu nimwambie nini? Nimeshampa neno!"

"Ulimpa la kwako. Mjane huulizwa akajibu kwa mdomo wake, uliza chuoni. Mdomo wangu uko hapa na hakuna aliyeuposa, mlitaja ng'ombe tu."

Kombo akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta anasema. Halafu uso ukamlegea. Akasema kwa sauti ya nyumbani, sauti ya mama yetu: "Dada, nitalala vipi mimi, wewe uko huku peke yako?" Kombo ananipenda. Ananipenda kama mzigo wa kufikisha salama.

Akasema basi, haondoki bila mimi. Atangoja akili inirudie. Akakaa barazani, mikono kifuani.

Sasa ni alasiri. Maji yamekwisha kupwa, mtumbwi umelala ubavu juu ya tope, hata akitaka kuondoka hawezi. Nimempelekea wali na samaki, amekula kwa hasira, amemaliza. Mize amepita mara nne. Vitumbua vilikwisha mara ya kwanza.

Bi Saleha hajasema nami neno tangu asubuhi. Si asante, si lawama. Uzi wa mafundo bado uko kizingitini, tunauruka. Niliporudi na sahani nilimkuta amekaa na kijiti, anasokota, na uzi wake — wake! — una vinundu. Nilinyamaza. Na mimi nina adabu.

Hivi punde nimesikia mguu wake ukikokota kwenda barazani. Nikachungulia. Ana kikapu cha sufu mbichi, kile kilichojaa miiba na mavi ya kondoo. Akakitua mbele ya Kombo.

"Kungoja ni hiari yako," akamwambia. "Lakini kwangu hakai mtu bure. Chambua."

"Mimi, mama? Mwanamume?"

"Nyanya yangu alifundishwa na babake. Chambua."

Nikadhani atainuka. Hakuinuka. Alitazama mtumbwi, akatazama kikapu, akachomoa mwiba mmoja. Kisha mwingine. Huu ni muda sasa, anachambua, huku anasema peke yake kwamba jua likitua ndio mwisho, hangoji zaidi, tutaona.

Bi Saleha ameipapasa konzi ya sufu aliyoichambua Kombo kwanza. Amemrudishia aichambue upya.