Mwalimu Aliyetusubiri

Mjukuu wangu Atupele,

Nakusalimu wewe na wenzako huko Iringa. Sisi hapa Mbeya tupo, ila baridi imetubana na magoti yangu hayataki tena kupanda shambani. Babu yako anakohoa vilevile. Viazi nimempa mama yako akauze sokoni Mwanjelwa.

Umeniuliza utawazoeaje wanafunzi unaowafundisha kwa kompyuta, wakati kamera wamezima na ukiuliza swali hakuna anayejibu. Unasema umechoka kuongea na ukuta. Pole, mama. Uchovu huo naujua.

Mimi kusoma na kuandika nilifundishwa na redio. Jioni tulikuwa tunaizunguka akina mama, tumetoka kulima, wengine wanasinzia. Walimu wengine walisoma somo bila hata kupumua, nasi tukalala kabisa. Lakini mmoja kila akianza aliuliza, "Akina mama, leo mmelima mpaka wapi?" Halafu ananyamaza. Basi tunaamka na kumjibu kwa sauti, "Mpaka mtoni, mwalimu!"

Babu yako alikuwa anatucheka. "Hawasikii huyo, yuko Dar es Salaam!"

Tulijua hasikii. Ila alitusubiri, na sisi tuliona aibu kumwacha anasubiri peke yake.

Kwa hiyo ukiwauliza, usikimbilie kujijibu. Nyamaza kidogo, hata kama huoni mtu.

Yule mwalimu hakuwahi kusikia sauti yangu hata siku moja. Na barua hii, mjukuu wangu, sikuandikiwa na mtu.

Bibi yako