Kadi ya Bima Ninayo Mimi

Hafsa mkwe wangu, maharage yameiva, bado kutia nazi na kusonga ugali tu. Kuku wape maji.

Sufiani, kadi ya bima usiitafute. Asubuhi nimeisoma: watu sita, mimi simo. Umenitoa mama yako, ukamweka shemeji yako Maryamu, mzima anaruka kamba na watoto! Nakuuliza, unanijibu, "Mama, goti lako ni uzee tu, likande na maji moto." Uzee gani? Plasta nimefunguliwa juzi, na daktari kasema nisipofanya mazoezi ya viungo mguu utakakamaa. Mazoezi hayo bima inalipa, ila kwa aliyeandikwa.

Basi naanzia ofisi ya kata jina langu lirudi, kisha hospitali. Nasindikizwa na Mama Grasiana, kwa hiyo mtaa mzima utajua. Shauri yako.

~~Chakula msiniwekee.~~ Niwekeeni, tena cha kushiba. Maryamu naye aitwe, na majirani. Sina ugomvi na mtu, nataka nyumba ijae wanione nikipanda ngazi ya baraza na fimbo yangu.

Fimbo yenyewe siku si nyingi naiacha. Nitakuwekea wewe, Sufiani, kwa huo uzee unaoujua sana.

Mama yenu, wa kwanza kwenye kadi