Vitamini za Mama

Mdogo wangu,

Wasalimie wifi na watoto. Mlango wa uani umeshatengenezwa, na yule kuku wa mama aliyepotea amerudi na vifaranga.

Barua hii nampa jirani yetu dereva akuletee, kwa sababu simu huwa napiga nikiwa kando ya kitanda cha mama hapa hospitali, naye anasikia kila kitu. Juzi shangazi alikwambia mama anapewa vitamini, ukacheka: "Si mmnunulie machungwa tu?"

Lile jeraha la kisigino limeingiza vijidudu kwenye damu. Daktari anasema mwili unavyopambana navyo unajiunguza wenyewe. Mishipa inavuja na presha imeshuka mno, haipandi. Vitamini wanayomtundikia kwenye dripu ni ya kupunguza huo moto. Nikamuuliza kama itamponya.

"Dada, tunajaribu," akasema. "Wengine inawasaidia, wengine wala. Tegemeo letu ni antibayotiki, na mama amefika amechelewa."

Leo asubuhi vidole vyake vya miguu vimeanza kuwa vyeusi. Muuguzi alivifunika kwa shuka, kisha akaniuliza kama mama ana watoto wengine.

Usisubiri likizo. Wala shangazi usimlaumu, alisema alichoambiwa. Ni mama mwenyewe aliyemshika mkono akamwambia, "Yule ana kazi yake, msimtie wasiwasi. Mwambieni napewa vitamini."

Mimi dada yako,
niko naye