Kinyonga wa Amosi

Kinyangiri,
6 Machi 2024

Mkwe wangu Ritha,

Mimi Laurenti nina miaka themanini na moja. Nimepita njaa tuliyokula mizizi, nimepita kuhamishwa na nyumba kuezuliwa, nimezika wake wawili, na ng'ombe waliokwenda na sotoka sikuwahesabu. Fisi aliyening'ata mguu alishakufa zamani na mguu bado natembelea. Sasa nimempita na Amosi mwanangu. Hilo sikuliomba. Nakuambia haya ili ujue anayekuandikia ni mtu wa namna gani, usije ukadhani mnyama wa kukaa kiganjani atanishinda.

Ulifika salama? Wazazi wako hapo Itigi hawajambo? Sisi huku wazima. Alizeti imechanua, hakuna wa kuipalilia.

Simu nimeifunga kwenye kitambaa nikaiweka darini. Ndiyo iliyoniletea habari za ajali ya pikipiki ya Amosi, basi imemaliza kazi yake. Ukiwa na neno andika, kondakta ataleta. Kusoma na kuandika nilijifunza nikiwa na ndevu, na katika darasa letu la watu wazima nilikuwa wa kwanza, mwalimu mwenyewe alikuwa akiniuliza.

Sasa huyu kinyonga. Ulipanda basi ukasema, "Baba, mlishe," hukusema nini. Nimempa ugali wa uwele, hakugusa. Nimempa maziwa kwenye kifuniko, akaelekeza jicho moja kwangu na jingine mlangoni. Ndiyo maana Amosi alimwita Shangazi, eti anaangalia huku na huku kama dada yangu Catherine. Catherine akijua jina lilitoka wapi atatuhama.

Naye amekuja jana na tumbaku. "Mtie mdomoni afe," anasema, "ndivyo wazee walivyofanya." Nikamwambia mzee hapa ni mimi.

Niandikie anakula nini. Na wewe, unakula?

Ni mimi baba mkwe wako,
Laurenti

*

Itigi,
15 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Nilifika salama. Wazazi wanakusalimu. Mguu unaendeleaje na hizi mvua? Hapa hakuna jipya, treni zinapita, nazisikia.

Kinyonga hali ugali wala maziwa. Anakula kinachotembea. Panzi awe hai, tena mdogo, asizidi kichwa chake. Nzi pia anakula. Maji ya chomboni hayaoni. Nyunyizia majani asubuhi, atalamba matone. Usimfungie ndani. Mweke kwenye mbaazi pale uani, apate jua la asubuhi na mchana akae kivulini. Usimshikeshike. Ukimwona amekuwa mweusi ana baridi au amekasirika, mwache.

Na baba, usimguse kwa mkono wa ugoro, wala usimshikie panzi kwa mkono huo. Ugoro wako na tumbaku ya shangazi ni kitu kimoja.

Siku ya matanga shangazi Catherine alisema mbele za watu kuwa nililaza kinyonga ndani ya nyumba, ndiyo sababu Amosi hakurudi. Sijui kama anaamini. Simchukii. Kwa kweli sisikii chochote. Ila siwezi kukaa ua ule. Kinyonga nilimwacha kwa sababu abiria wangemtupa dirishani, na sitaki afe. Asubuhi ile Amosi alimweka begani akampeleka kwenye jua, ndipo akawasha pikipiki. Akifa usinifiche.

Nakula kidogo.

Mwanao,
Ritha

*

Kinyangiri,
2 Mei 2024

Mkwe wangu Ritha,

Habari za siku nyingi, na wazazi? Mimi mzima, mguu unauma lakini haunipangii kazi.

Ugoro nimeacha. Wewe ulisema mkono usimguse, mimi nimeona ni shida kukumbuka mkono upi ulishika nini, nikatupa kopo. Miaka hamsini nimenusa ugoro na nimeuacha kwa asubuhi moja. Nionyeshe mwingine hapa Kinyangiri aliyeweza.

Panzi nawakamata mwenyewe. Mtu wa umri wangu anayenyakua panzi anayeruka, yuko mmoja. Namnyunyizia maji kwa mdomo. Ulimi wake unatoka mrefu kuliko yeye mwenyewe, nimeona, na sikushangaa.

Sasa sikia. Amenenepa! Tumbo limejaa kama mfuko wa alizeti. Huko kwenu hakuna aliyewahi kunenepesha kinyonga hivi. Jambo moja tu, siku hizi amekataa panzi, na anashuka. Namrudisha kwenye mbaazi, anashuka tena, anatembea chini na kukwaruza udongo. Catherine ameona akasema kinyonga anayechimba uani anachimba kaburi la mtu, kila mtu anajua hivyo, na mimi pia nimekua nikijua hivyo. Nimemfunga uzi mguuni asishuke. Nimeufunga vizuri, hawezi kuumia.

Kaburi la Amosi halijaota majani. Nalifagia.

Ni mimi baba mkwe wako,
Laurenti

*

Itigi,
9 Mei 2024

Baba, shikamoo. Naamini mnaendelea vizuri.

Mfungue leo hii, ukimaliza tu kusoma. Hajanenepa, ana mayai. Amosi alinieleza kuwa jike akifika siku zake huacha kula, hushuka chini kutafuta udongo laini achimbe ayatage. Akizuiwa yanamwozea tumboni. Usimwelekeze. Mwache aende anakotaka, mkae mbali.

Nakuomba baba.

Mwanao,
Ritha

*

Kinyangiri,
21 Mei 2024

Mkwe wangu Ritha,

Salamu kwako na kwa wazazi. Huku wazima.

Barua ilifika jioni, uzi nikaukata hapo hapo. Asubuhi akashuka. Ua wetu unaujua, mgumu kama sakafu. Akajaribu kando ya jiko, akaacha. Akajaribu kwenye zizi, akaacha. Nilikuwa nyuma yake na kigoda changu, akienda naenda, akisimama nakaa. Kabla ya saa sita akafika penye udongo uliolegea. Unajua ni wapi. Ni pale kwa Amosi.

Akachimba upande wa miguuni. Alichimba mpaka akazama, ukabaki mkia.

Catherine akaja na ile tumbaku yake. Akapiga kelele hadi majirani wakatoka. "Laurenti! Unakaa unaangalia mdudu akimfukua mwanao?"

"Hafukui. Anazaa."

"Juu ya kaburi!"

"Ulitaka azae wapi? Kwako kuna saruji."

Nikalaza fimbo magotini. Hakuna aliyesogea. Nilikaa hapo mpaka jua likashuka, sikula, sikuona njaa. Akatoka amesinyaa kama soksi, akafukia shimo lake kwa miguu ya nyuma, akalishindilia vizuri. Mimi nimechimba makaburi mengi. Hakuna nililofukia vizuri hivyo.

Nikamrudisha kwenye mbaazi. Nikanyunyiza maji, akalamba kidogo. Panzi alimtazama tu. Siku ya nne asubuhi nilimkuta chini, mweusi nusu na kijani nusu. Ulisema nisikufiche. Amekufa. Pengine ni ule uzi.

Nimemzika chini ya mbaazi. Mayai yapo.

Ni mimi baba mkwe wako,
Laurenti

*

Itigi,
30 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Nilipata barua yako, nikaisoma, nikaiweka. Kila nikishika kalamu sikuwa na cha kuandika. Namsaidia mama kuchuja asali. Siku zinapita.

Shangazi Catherine amenipigia. Anasema ukoo ulikuja kujengea kaburi, mchanga na saruji vikawa tayari, wewe ukakaa juu ya kaburi na fimbo ukamfukuza fundi Philipo. Anasema umechanganyikiwa kwa uchungu. Anasema hakuna mayai yoyote, yeye alimwona mnyama anachimba tu.

Baba, usinielewe vibaya. Amosi alikuwa akisema, "Habari za baba zigawe kwa mbili." Wale fisi watatu unaosema walikuvamia, mama yako mdogo alisema alikuwa mmoja. Sijui kama uliandika habari za mayai ili nisibaki na kifo kitupu.

Nimefikiri hivi. Kama mayai yapo kweli, nitakuja siku ya kujengea, nitasimama mahali pa mjane, na nitabaki hapo nyumbani. Kama hayapo niambie tu, waache wajengee bila mimi, nami nibaki huku. Sitakasirika. Ila nataka neno la mtu mwingine aliyeona.

Mwanao,
Ritha

*

Kinyangiri,
8 Oktoba 2024

Mkwe wangu,

Salamu. Sijachanganyikiwa. Fisi walikuwa watatu.

Mayai yanangoja mvua. Nitakujibu zikianza.

Laurenti, baba mkwe wako

*

Kinyangiri,
19 Januari 2025

Mkwe wangu Ritha,

Hujambo, na wazazi hawajambo? Mimi nipo. Mguu huu sasa unanishinda asubuhi, mchana naushinda mimi.

Mvua ilichelewa. Wenye ukoo walirudi mara mbili, mara zote wakanikuta kwenye kigoda. Philipo fundi alinionea haya akasema, "Mzee, mimi nitangoja, matofali hayaozi." Wengine wakaacha kunisalimia. Mwezi wa kumi na mbili ukaisha. Nikaanza kufikiri labda Catherine alisema kweli, labda niliona nilichotaka. Sikukuandikia hilo.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nimekwenda kufagia nikakuta udongo wa miguuni umetoboka. Sikuona kitu. Nikakaa. Baadaye nikaona jani la mbaazi linatembea. Halikuwa jani, kilikuwa kinyonga, mdogo kuliko kucha yangu ya kidole gumba pamoja na mkia wake uliojikunja. Nikaona mwingine. Sikupiga kelele. Sikusikia furaha, nisikudanganye, nilikaa tu na ufagio.

Catherine akaja kuomba chumvi. Tangu Mei hakuwa amekanyaga uani kwangu.

"Laurenti, nini kile?"

"Watoto wa Shangazi."

"Shangazi yupi?"

Nikamwambia yote, jina na macho na Amosi. Nilidhani atanipiga na bakuli. Akakaa chini kwenye tope na kanga yake safi. "Mjinga yule," akasema. "Kumbe ndivyo alivyokuwa akiniona." Akacheka kidogo. Kisha akainuka akaanza kupita kwenye mbaazi na kidole, akihesabu, akakosea, akaanza upya.

Nilitaka kukuandikia arobaini. Kalamu ilikuwa tayari. Ni kumi na tisa. Hiyo usiigawe.

Nimeweka maganda ya maembe chini ya mbaazi, yanaleta vile vijinzi vidogo, ndivyo wanavyokula. Maji nawanyunyizia kwa mdomo. Sijawafunga uzi. Wakisambaa wakaenda shambani, waende.

Kaburi litajengewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili. Upande wa miguuni Philipo ataacha udongo wazi, nimemwambia na amekubali. Mahali pako nimepaacha.

Uliomba neno la mtu aliyeona. Philipo aliona matundu. Lakini mpigie Catherine. Alihesabu mwenyewe mara mbili, na wewe unamjua, hanipendi kiasi cha kunisaidia uongo.

Ni mimi baba yako,
Laurenti