Kupapasa majini Wanyange

Jumanne, Bugembe

Mhariri hakulipenda neno langu. "Weka search, bwana, inatosha," aliniambia kwenye simu. Nikakataa. Anayefanya search huenda ana taa, au angalau anaona. Katika habari yangu ya Kiingereza niliandika grope, yaani kupapasa, kwa sababu wavuvi wa kijiji cha Wanyange walikuwa ziwani, ndani ya magugu-maji, wakimtafuta Sulaiman kwa viganja na nyayo tu. Alizama jana akitega nyavu.

Baba yake, Hajji Musa, ameshanunua sanda. Kaburi limechimbwa tangu asubuhi. Wapiga mbizi wa polisi waliahidi kuja. Hawakuja.

Wavuvi waliendelea kupapasa. Mmoja alipogusa kitu, wote walisimama. Akainua gogo. "Mti," akasema, akainama tena.

Nilimweleza Hajji kwamba mhariri mwishowe amekubali neno langu, na kwamba kesho wakubwa watasoma jinsi watu wanavyohangaika.

Akaniuliza bila hasira, "Hiyo Kiingereza yako, mwandishi, itashika mtoto yangu?"

Nilivua viatu nikaingia majini. Mpaka giza lilipotufukuza, nilikuwa nimegusa matope na mizizi tu.